Siku Shangazi Alipokatwa Sauti

Kama umewahi kuoa, kuoza au kugombea cheo katika mji ule mdogo unaopakana na hifadhi ya taifa, basi umewahi kupitia mikononi mwa Kipaza. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Yeye ndiye mwenye spika mbili kubwa nyeusi, jenereta inayokohoa, maiki tatu, na ile mashine ya vitufe ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata mkewe akiwa anapangusa vumbi. Harusi isiyo na spika za Kipaza watu waliihesabu kuwa kikao cha familia.

Alikuwa fundi kweli, tusimnyime haki yake. Ila kilichompa sifa zaidi ni ufundi wake wa kuwanyamazisha watu. Kila harusi ina mjomba mmoja ambaye akishika maiki haachii. Ataanza na siku bibi harusi alipozaliwa, apitie ugomvi wa mipaka ya shamba, afike kwenye madeni ya marehemu, na wakati huo chakula kinapoa. Mshereheshaji humtupia Kipaza jicho. Kipaza huzungusha kitufe polepole, spika zinapiga mluzi wa kupasua masikio, watu wanacheka, mjomba anaitazama maiki kama kitu kilichomng'ata, kisha sauti yake inafifia hadi haisikiki tena. Mjomba anakaa chini akiilaumu mashine. Hakuna ugomvi, hakuna aliyevunjiwa heshima. Kipaza alipenda kusema kwamba yeye hajawahi kumkata mtu, mashine ndiyo inayokata.

Aliyemlea Kipaza ni shangazi yake, dada wa baba yake, fundi cherehani mwenye goti bovu na ulimi mzima. Cherehani yake ipo barazani, na mbele ya baraza hilo ndipo inapoanzia njia ya miguu inayokatiza ukingo wa hifadhi na kutokea zahanati. Ukiifuata hiyo, unafika kabla jasho halijakutoka. Ukizunguka kwa barabara kuu, jiandae, na mwenye mtoto mwenye homa mgongoni hana muda wa kujiandaa. Askari wa hifadhi waliwaona watu wakipita pale miaka yote, wakajibu salamu na kuendelea na doria zao. Kila mgonjwa wa mtaa ule alipita mbele ya Shangazi, na kila mmoja aliulizwa anaumwa wapi, akapewa pole, maji ya kunywa na ushauri ambao hakuuomba.

Basi ikaja habari ya mpango. Wakubwa wa hifadhi walitaka kupanga maendeleo ya miaka ijayo: hoteli ya watalii ukingoni mwa mto, lango jipya, barabara ya magari, uzio. Lakini kabla ya kupitishwa chochote, sharti wananchi waulizwe. Wakatumwa wataalamu wa kukusanya maoni, wakiongozwa na bwana mmoja mpole mwenye kofia pana ya jua, ambaye ndiye angekuwa mwenyekiti wa mikutano yote. Na kwa kuwa mikutano ingefanyika katika vijiji vyote vinavyoizunguka hifadhi, walihitaji mtu wa spika wa kuzunguka naye. Kipaza alipolisikia hilo, usingizi ulimruka. Kazi ya wakubwa, tena ya kusafiri!

Asubuhi ya mkutano wa kwanza, alipokuwa akitandaza nyaya katika ukumbi wa shule, mwenyekiti alimjia.

"Fundi, watu wa hapa wanaongea sana?"

"Mzee, hapa hata mlango ukiulizwa unajibu."

Mwenyekiti akacheka. Akasema wasiwasi wake ni muda tu, maana yeye hapendi kumkatiza mtu anayesema, si adabu.

Hapo ndipo Kipaza alipojiponza. Hakuna aliyemtuma, wala aliyemshikia panga. Yeye mwenyewe, kwa hamu ya kupendwa, alisema, "Hilo niachie mimi. Ukiona mtu amezidisha, wewe gusa kofia tu. Mashine itamalizana naye."

Akamwonyesha. Mluzi ulipolia katika ukumbi mtupu, mwenyekiti aliziba masikio, akatabasamu, akampiga Kipaza begani. Kipaza akatembea asubuhi ile kama mtu aliyekabidhiwa nchi.

Ukumbi ulijaa. Wa kwanza kupewa maiki alikuwa diwani, na ukimpa diwani maiki umempa na siku yako. Aliisifu hoteli, akajisifu mwenyewe, akaisifu barabara mpya. Barabara hiyo ingepita mlangoni mwa nyumba yake ya wageni. Hilo hakulisema, lakini ukumbi mzima ulilisikia. Mwenyekiti akagusa kofia. Kipaza akainama kutazama nyaya. Mwenyekiti akaigusa tena, safari hii kwa mkono mzima, na Kipaza akajitia hamnazo, akawa anakaza waya uliokuwa umekazwa tangu asubuhi. Mkono usioweza kuukata, ubusu, na mkono wa diwani ndio uliokuwa ukimpa kazi za kampeni. Diwani aliongea mpaka alipochoka mwenyewe.

Muda ukawa umeliwa, na mwenyekiti akawa anamtazama Kipaza kwa jicho lisilo na upole. Ndipo aliposimama Shangazi.

Alikuwa amevaa gauni aliloshona kwa ajili ya siku ile. Majirani walikubaliana kwamba yeye ndiye awe mdomo wao kuhusu ile njia ya zahanati, wengine wanyamaze wasije wakachanganya mambo. Sasa, Shangazi ni mtu wa kuanza mbali. Kwake yeye, anayeingia kwenye hoja bila salamu ni sawa na anayeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Akawaamkia wazee. Akawapa wageni pole ya safari, akawaulizia hali za waliowaacha nyumbani. Akampa pole mwalimu mkuu, ambaye paa la ofisi yake lilikuwa limeezuliwa na upepo. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, maana maneno ya heshima ndivyo yanavyoanza. Mwenyekiti akagusa kofia.

Kipaza akamtazama shangazi yake, akamtazama mwenyekiti. Akaviona vijiji vyote vinavyoizunguka hifadhi, na spika zake zikinguruma katika kila kimoja.

"Sasa ndugu zangu," Shangazi akasema, akiisogeza maiki karibu na mdomo, "lililonileta hapa mbele yenu ni..."

Mluzi ukalia. Watu wakaziba masikio, mtoto mmoja akaangua kilio, kisha kicheko kikazuka kama kile cha harusini. Shangazi akaiondoa maiki mdomoni, akaigeuza, akaipuliza, akajaribu tena. Midomo yake ilikuwa ikisema, lakini spika zilikuwa kimya, na kelele za ukumbi zikameza kilichobaki.

"Ishike vizuri, mama! Siyo mwiko huo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikaongezeka.

Shangazi akatazama kule alikokaa Kipaza, kwa jicho la mtu anayemwomba mwanawe msaada. Kipaza akaitazama mashine yake.

"Nisameheni jamani," alisema Shangazi, na kwa kuwa watu walikuwa wametulia kidogo, walimsikia. "Mimi vitu hivi sijui kuvishika. Nimewapotezea muda bure."

Akairudisha maiki kwa mikono miwili, akakaa. Mwenyekiti akasema ahsante sana mama, tunaendelea. Majirani, baada ya kuona yaliyompata msemaji wao, hakuna hata mmoja aliyeitamani tena ile maiki.

Jioni Kipaza alipita nyumbani kwa Shangazi, kwa sababu kutopita kungekuwa ni kukiri.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Afadhali umekuja. Hebu niambie, nilikosea wapi? Niliishika juu mno?"

"Hukukosea, Shangazi. Ile mashine tu, ina kichaa chake."

"Mbona kwa diwani haikupandwa na kichaa?" Aliuliza bila hila yoyote, kama anayeuliza bei ya uzi.

"Diwani amezoea."

"Ni kweli," Shangazi akasema polepole. "Yeye amezoea. Mimi ndiye mshamba."

Maneno hayo yalimwingia Kipaza yakakaa. Angeweza kuyatoa palepale, kwa sentensi moja tu, na hakuitoa. Aliaga kwa kisingizio cha jenereta.

Mji mdogo hausahau kitu cha kuchekesha. Kabla wiki haijaisha, Shangazi alikuwa ameshapata jina jipya: Mama Mwiko. Watoto waliliita kutoka nyuma ya ua na kukimbia. Wateja wakubwa kwa wadogo waliingia barazani wakisema, "Mama Mwiko, suruali yangu iko tayari?" Naye alicheka pamoja nao, maana angefanyaje? Lakini kikundi cha akina mama kilipomwomba aseme maneno mawili kwenye mkutano wao, yule mwanamke ambaye hapo zamani ungelazimika kumvuta gauni ili akae, alikataa. "Msinitie aibu mara ya pili," aliwaambia. Mke wa Kipaza ndiye aliyeleta habari hiyo mezani, na Kipaza akaacha chakula chake nusu.

Aliona aibu. Tuseme hivyo bila kuzunguka. Si ile aibu ya kukanyaga tope mbele za watu, inayokauka pamoja na tope lenyewe. Hii aliamka nayo, akaoga nayo, akavaa shati juu yake. Katika vijiji vilivyofuata kofia iliguswa tena na tena, naye akazungusha kitufe kama alivyoahidi, lakini utamu ulikuwa umekwisha. Kila aliyeipuliza maiki kwa mshangao alikuwa na uso wa Shangazi. Akaanza kupitia barabara ya nyuma ili asipite mbele ya lile baraza, halafu akaona aibu hata kwa hilo.

Hatimaye wataalamu wakarudi mjini kwa mkutano wa pili, ambao ulikuwa wa kuwasomea wananchi maoni yao na kuyathibitisha. Kipaza alifika mapema kufunga vyombo. Ukutani walikuwa wamebandika ramani kubwa ya mpango. Akaitazama kama mtu anayetafuta nyumba yake kwenye picha, na aliipata. Mstari mwekundu wa uzio ulipita mbele kabisa ya mtaa wa Shangazi. Njia ya zahanati haikuwepo.

Karani wa wale wataalamu, dada mmoja kijana, alikuwa akipanga viti. Kipaza akamwuliza.

"Njia gani hiyo?" karani akashangaa. "Hakuna aliyetaja njia."

"Kuna mama alisimama kuitaja."

"Kaka, sisi tunaandika kutokana na rekodi. Tulisikiliza yote. Kuna mama mmoja anasalimia, anasalimia, halafu mluzi, halafu kimya mpaka mtu mwingine."

"Kimya?"

"Rekodi si inatoka kwenye mashine yako? Ule waya uliuchomeka wewe mwenyewe."

Ni kweli aliuchomeka yeye. Alidhani amekata sauti ukumbini tu, iwe kichekesho cha dakika moja kisha watu waendelee na maisha yao. Kumbe kisichopita kwenye mashine hakikufika popote. Alipouliza kama mama huyo anaweza kusema leo, karani akatikisa kichwa. Leo walikuwa wakirekebisha yaliyosemwa mara ya kwanza, na jipya halikupokelewa.

Kipaza akaziacha spika na jenereta zake bila mlinzi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akakimbia.

Shangazi alikuwa akishona. "Karibu, mpotevu," alisema bila kuinua macho. "Nilidhani umehama."

"Shangazi, vaa twende mkutanoni. Kwenye ramani yao wameziba njia."

"Nimesikia. Nenda wewe."

"Inabidi useme, Shangazi."

"Mimi? Niende nikapige mluzi tena watu wacheke? Wapo wenye kujua kushika maiki. Niache nishone."

"Siyo wewe uliyepiga mluzi. Ni mimi."

Cherehani iliendelea kidogo, kisha mguu wake ukaacha kukanyaga.

Akamweleza yote: kofia, kitufe, mluzi, rekodi. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimwuma kuliko ambavyo matusi yangemwuma. Alipomaliza, Shangazi akauliza jambo moja.

"Diwani alipokuwa anaongea, kofia haikuguswa?"

"Iliguswa."

"Ukafanya nini?"

"Nilijifanya nakaza waya."

Shangazi akakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo pale ulikuwa na watu wawili wa kuwakata. Mmoja angekufanya kitu. Mwingine ni shangazi yako."

Kipaza akaitazama ile njia mbele ya baraza.

"Ulijua nitakusamehe," Shangazi akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hata siku nikijua, ulijua nitakusamehe. Ndiyo maana ukanichagua mimi."

Kipaza alikuwa amejitafutia sababu nyingi kwa miezi yote ile, na hakuna hata moja iliyokuwa hiyo. Alipoisikia, akaijua kuwa ndiyo yenyewe. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka.

"Nenda," Shangazi akamwambia. "Watu wanakusubiri."

Mkutano ulianza. Mwenyekiti, kofia kichwani, akasoma maoni ya wananchi mmoja mmoja: wanaunga mkono hoteli, wanaomba ajira, wanaomba taa za barabarani. Diwani alikuwa akiitikia kwa kichwa. Katikati ya usomaji Kipaza akamwona Shangazi akiingia, akichechemea, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango.

"Kuna yeyote anayesema kwamba haya siyo yaliyosemwa hapa?" mwenyekiti akauliza. Watu wa mtaa wa Shangazi wakatazama sakafu.

Kipaza akaiokota maiki ya akiba. Miaka yote hiyo hakuwahi kusema kitu katika maiki zaidi ya "jaribio, jaribio, moja mbili".

"Mwenyekiti, mimi. Siku ile mama mmoja alisimama kuisemea njia ya kwenda zahanati. Mashine haikuharibika. Nilimkata mimi."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa mafundi. Akaendelea kusema, na kicheko kikapungua kama maji kwenye mtungi uliotoboka.

"Huo mluzi mnaoujua, huwa naupiga mimi. Nazungusha hapa, sauti inakufa. Yule mama hakukosea kushika kitu. Na rekodi haina maneno yake kwa sababu niliyakata kabla hayajafika."

Mjomba mmoja akanyanyuka polepole. "Na harusini kwa mpwa wangu?"

"Na wewe pia, mjomba. Nisamehe."

"Kumbe!" akasema mjomba, akabaki amesimama.

"Nani alikutuma?" sauti nyingine ikauliza. Hapo mlango wa kukimbilia ulikuwa wazi kabisa, na ulikuwa umevaa kofia. Kipaza akautazama.

"Hakunituma mtu. Nilijitolea. Nilisema wakigusa kofia mimi nitakata."

Mwenyekiti akaivua kofia yake, akaiweka mezani. Diwani akasema kwa nguvu kwamba tuendelee, muda unakwenda, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe watu walimwambia anyamaze. Mwenyekiti akakohoa, akauliza kama mama aliyekatwa yupo.

Shangazi akaja mbele. Akaichukua maiki. Wote tulidhani, kwa uchungu aliokuwa nao, ataingia moja kwa moja kwenye hoja. Wapi! Akawaamkia wazee. Akawapa wageni pole ya safari. Akampongeza mwalimu mkuu kwa paa jipya. Akavuta pumzi, na ukumbi mzima ukamngoja bila mtu kukohoa. Kisha akaisema njia: watoto wenye homa, wajawazito, wazee wa dawa za presha, na umbali wa kuzunguka. Hakusema sana. Majirani zake wakasimama mmoja mmoja kumwunga mkono, na mwenyekiti akamwambia karani aandike kwamba hoja hiyo ilitolewa katika mkutano wa kwanza, na kwamba uzio utaangaliwa upya. Hakuahidi zaidi ya hapo. Wakati wote huo Shangazi hakumtazama Kipaza hata mara moja.

Mkutano ulipoisha, mwenyekiti alimwita Kipaza pembeni na kumwambia, kwa upole uleule, kwamba vijiji vilivyobaki wangetafuta mtu mwingine. Kipaza akaitikia. Akarudi kukunja nyaya. Watu walipita kando yake wakitoka, na vijana ambao siku zote hugombania kumbebea vyombo walikumbuka shughuli zao. Mjomba alipita bila kumsalimia. Ukumbi ukabaki mtupu, naye akabaki anaivuta spika ya kwanza sakafuni, ikikwaruza saruji na kukwama kizingitini.

Mara ikawa nyepesi. Aligeuka, akamwona Shangazi ameishika upande wa pili, ameinama juu ya goti lake bovu.

"Inua," alisema.

Wakaiinua, wakaivusha kizingiti, wakaibeba hadi kwenye mkokoteni uwanjani. Kipaza alikuwa amelowa uso, na si jasho peke yake.

"Shangazi, ahsante. Mimi sikustahili..."

"Usinishukuru, na usidhani nimekusamehe," Shangazi akasema, akipangusa mikono kwenye gauni. "Spika ni nzito, basi."

Akarudi ndani kuifuata ya pili.